Mtoto wa mbwa wa wiki 7: usimlishe nyama tupu

Dada uliyeuliza jana, ngoja nikujibu kwa kirefu mana swali lako ndo lile lile nililokuwa nalo mimi na sikupata wa kunijibu mapema. Umesema umeletewa mtoto wa mbwa wa wiki 7, Jemani shepadi wa kuchanganya, uko Moshi pale Pasua, mama mwenye nyumba anakwambia mpe maziwa ya ng'ombe na ugali atakua tu, shemeji yako anasema mbwa ni nyama, usimpe kingine. Wote wana nia njema. Ila huyo wa nyama ndo ananitia hofu zaidi na ntakwambia kwanini.

Mimi nakaa Usa River. Mbwa wangu Bobi nilimchukua akiwa na wiki 8, nikaongea na kijana wa bucha awe ananiwekea moyo, mapafu, maini na vile vipande vya pembeni, kila siku nachemsha, nakatakata, nampa. Anamaliza fasta, analamba bakuli mpaka linafika ukutani, na mimi nimechuchumaa pale namwangalia roho kwatu. Ugali sikumpa kabisa, dagaa sikumpa, nilijua nampa kilicho bora kuliko mbwa wote wa mtaa. Na kweli manyoya yalikuwa yanang'aa na uzito unaongezeka. Alipofika miezi mitatu na nusu hivi, asubuhi moja namwita haji. Nikamsimamisha kwenye sakafu ya uani, aisee, miguu ya mbele imepinda kwa nje kama mabano, vidole vimetawanyika, na anakanyagia kifundo badala ya kusimama kwenye nyayo. Ukimshika begani analia.

Sasa huku kwetu ukisema miguu imepinda kila mtu anawaza maji. Wanaoijua Maji ya Chai na Ngurdoto wanaelewa, maji mengi ya upande huu wa mlima Meru yana floridi nyingi, ndo mana meno ya kahawia ni ya kawaida na kuna watoto wamepinda miguu. Kwaiyo majirani wote wakasema ni maji, na mimi nikaamini, nikaanza kumnunulia mbwa maji ya dukani, wiki nzima, hamna kitu. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo swali lake la kwanza halikuwa maji, aliuliza anakula nini. Nikamjibu nyama, tena nzuri. Akaniuliza na nini? Nikasema nyama tu. Akaniambia umefika kwenye ugonjwa wenyewe.

Alivyonielewesha ni hivi. Kuna madini mawili ya mifupa, fosforasi na kalsiamu, na nyama, maini hasa, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa mbwa anatakiwa apate kalsiamu sawa na fosforasi au kuizidi kidogo, lakini kwenye nyama tupu fosforasi inaizidi kalsiamu mara kumi na zaidi. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, sasa kama haiji kwenye chakula mwili unaenda kuichota kwenye mifupa, kila siku kidogo kidogo, na huyu mnyama ndo kwanza mifupa inajengwa na uzito unapanda. Simba porini anakula mnyama na mifupa yake, mimi wangu nilikuwa nampa steki. Tulimfungia sehemu ndogo asirukeruke karibu mwezi, tukabadilisha chakula, na baada ya wiki sita hivi akaanza kukimbia. Leo ni mzima ila mguu wa kushoto una kapindo mpaka kesho, kila nikimuona anashuka ngazi naumia.

Sasa tuje kwako. Maziwa ya ng'ombe achana nayo kama chakula, watoto wa mbwa wengi wanaharisha kwa ile sukari ya maziwa, na wiki 7 alishaanza kuachishwa ziwa, anachohitaji ni chakula kizito na maji safi muda wote. Kuharisha kwa mtoto mdogo hivyo ni hatari, anaishiwa maji haraka sana. Ugali mtupu nao unamshibisha tumbo ila protini hamna ya kutosha, utamuona tumbo kubwa mgongo mwembamba.

Kama mfuko unaruhusu, rahisi kuliko vyote ni kile chakula kikavu cha dukani, ila soma mfuko. Uwe umeandikwa ni wa watoto wa mbwa au wa hatua zote za umri, sio wa mbwa wakubwa. Wale AAFCO wa Marekani wanaoweka viwango wanataka protini isipungue asilimia 22.5 kwa mbwa anayekua (kwa mkubwa ni 18), na kalsiamu isipungue 1.2, ila kwa mbwa atakayefika kilo 32 na kuendelea isizidi 1.8. Wako ana damu ya Jemani kwaiyo hilo la mwisho linakuhusu, kalsiamu ikizidi nayo inaharibu mifupa ya mbwa wa umbo kubwa. Manake ukishampa chakula cha mfuko kilichokamilika USIMUONGEZEE unga wa kalsiamu juu, wengi wanafanya hivi wakidhani wanasaidia. Na kile cha kupima kwa kilo kutoka gunia lililokaa wazi dukani mimi sikinunui, tarehe huioni na mafuta yake yanachacha.

Ukipika nyumbani inawezekana, mimi ndo nafanya mpaka leo. Nachanganya nusu kwa nusu, upande mmoja ugali laini au wali, upande wa pili nyama ya kuchemsha, dagaa na yai, karoti au boga kidogo, kijiko cha mafuta. Dagaa wa Mwanza chukua wale wa kukausha juani wasiotiwa chumvi, waloweke kwenye maji ya moto, wavuruge, uwanyanyue kwa juu uache maji, utaona mchanga umebaki chini ya beseni, rudia mpaka chini pawe pasafi. Wanaliwa na mifupa yao kwaiyo kalsiamu ipo. Ganda la yai pia, unalichemsha, unalikausha, unalisaga liwe laini kama unga, kijiko kimoja cha chai kina karibu gramu 2 za kalsiamu. Lakini kiasi cha kumuwekea usikadirie kwa macho, mpime uzito daktari akupigie hesabu.

Mahindi au pumba zenye ukungu hata kidogo usimpe, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inaua mbwa kwa kuharibu ini na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua mpaka watu Dodoma na Manyara, mbwa ndo kabisa. Na kwa kuwa uko Moshi ntasema na hili, machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, watu wanawamwagia mbwa, mtoto wa mbwa pombe kidogo tu inamlaza. Vitunguu vya aina zote, chokoleti, zabibu, hivyo ni sumu kwao, kwaiyo mchuzi wa jana wenye vitunguu usimwage kwenye bakuli lake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika na ncha kali. Mapafu na maini ya bucha chemsha mpaka yaive ndani, hasa yenye vifuko vya maji, ile minyoo inapita kwa mbwa inakuja mpaka kwa watoto wa nyumba.

Mgawie mara nne kwa siku mpaka miezi minne hivi, halafu tatu, akipita miezi sita mbili. Kama kuna chakula alichozoea alikotoka endelea nacho kwanza, cha kwako ingiza taratibu kwa siku 7 hadi 10. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka afike wiki 12, la sivyo unalisha minyoo, na chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, uliza leo leo mana umri wake umeshafika.

Mbavu zake uzisikie ukipapasa ila zisionekane kwa mbali. Kesho ukipita bucha omba wakupimie kwenye mizani yao, mweke kwenye beseni kwanza, andika hapa kilo zake na useme unampa nini sa hizi, nikwambie cha kumuuliza daktari ukifika.