Pampu Moja Inatosha, Maji Yashuke Yenyewe

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Ana tangi la samaki juu, la chujio chini, na pampu mbili za ukubwa uleule: moja inapandisha, nyingine inashusha. Kila akiamka anakuta tangi moja linamwagika na jingine linakaribia kukauka. Anauliza koki azifunge kiasi gani ili pampu zilingane.

Ndugu yangu, hazitalingana. Moja itashika uchafu kabla ya mwenzake, na tofauti ya lita 1 tu kwa dakika ni lita 480 kwa usiku wa saa nane. Fundi aliyenijengea mfumo wangu naye alishikilia pampu mbili, tena akaniambia mbele ya watu kwamba mambo ya maji niwaachie wenye kazi yao. Nilikataa. Maneno yale yananiuma hadi leo, lakini pampu yangu moja bado inazungusha maji na sijawahi kukuta sakafu imelowa.

Kazi yote iko kwenye ovaflo, yaani bomba linaloshusha maji yanayozidi tangi la juu. Pampu ipandishe, maji yarudi kwa mteremko kupitia bomba pana kuliko la pampu. Maji ya juu yatapanda kidogo kwenye mdomo wa bomba hadi yanayotoka yawe sawa na yanayoingia, kisha yatatulia hapo. Bomba la inchi 2 lina uwazi mara nne ya la inchi 1, kwa hiyo usibane hela hapo. Ukitaka kupunguza kasi, funga koki upande wa pampu unaotoa maji, kamwe si unaovuta. Halafu pima mwenyewe: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, una lita 1,800 kwa saa. Namba ya kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Watu tunakimbilia kununua kifaa kabla ya kujiuliza maji yanataka kwenda wapi!

Umeme nao utakatika. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kupandishia, chini kidogo ya usawa wa maji ya tangi la juu, ili hewa iingie na maji yasivutwe kurudi chini. Kisha zima pampu, acha maji yashuke, jaza tangi la chini hadi karibu na ukingo. Washa, subiri yatulie, weka alama hapo kwa kalamu. Usijaze kupita alama hiyo.

Ile pampu ya pili usiiuze. Ya kwanza ikifa usiku, samaki hawasubiri duka lifunguliwe.