Kaka akiitwa Fuso anasifiwa, mimi nikiitwa Fuso nalia

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nina miaka 21, nasoma chuo hapa Morogoro na nacheza netiboli, GK, yaani mlinzi wa ringi. Nina kilo 81, urefu sentimita 178. Majuzi kocha kaja na mzani uwanjani, akatupanga foleni akawa anatupima mmoja mmoja na kutaja kilo kwa sauti, wavulana wa timu ya mpira wamekaa pembeni wanasikiliza, zamu yangu ilipofika wakapiga makofi. Kocha akasema nisipofika 70 ndani ya wiki 6 nakaa benchi. Toka siku hiyo usiku sili, asubuhi chai kavu, na mazoezini nasikia kizunguzungu. Kinachoniuma zaidi ni kaka yangu, yeye ni beki ana kilo 90, wanamwita Fuso na anafurahi kabisa, nikienda nyumbani wikiendi mama anamwongezea nyama anasema mwanamichezo lazima ashibe, mi sahani yangu anaipunguza. Je kocha yuko sahihi? GK, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza leo usiku kula, tena ushibe, hayo mengine yatafuata. Hicho kizunguzungu kimenishtua kuliko mzani.

Hapana, kocha wako hayuko sahihi. Ngumi, judo, kunyanyua vyuma, hiyo ni michezo ya uzito, mwanaume na mwanamke wote wanapanda mzani na sheria inajulikana. Netiboli haina kitu hicho. GK kazi yake anasimama sentimita 90 kutoka mguu wa mfungaji, ananyoosha mikono, anaruka, alafu anagombea ribaundi chini ya ringi iliyo mita 3.05 juu huku mtu anamsukuma kwa mgongo, robo 4 za dakika 15. Sasa hapo mwili ndo unafanya kazi! Mwangalie Mary Nuba Cholhok wa Uganda, mfungaji wa She Cranes, timu ya taifa ya netiboli, akishashika nafasi yake chini ya ringi walinzi wanahangaika kumtoa, na Uganda ilimaliza ya 5 Kombe la Dunia Cape Town 2023. Na yule Mmarekani wa raga, Ilona Maher, ana kilo kama 90, watu walimsema mtandaoni kuhusu BMI yake, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, akawajibu kwamba ndiyo ni 29 na kitu na yeye ni mwanamichezo, mwaka huohuo 2024 akarudi na medali ya shaba ya Olimpiki Paris. Chati ya BMI haijui tofauti ya misuli na mafuta.

Kuhusu kaka yako umesema kweli na usikubali mtu akwambie una wivu. Mvulana akiwa na kilo nyingi tunaona nguvu, msichana akiwa na kilo hizohizo tunaona umbo, tunaanza kumtazama kama anaenda harusini wakati anaenda uwanjani. Omanyala wa Kenya alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mwaka 2021 watu walisifia misuli ile, hakuna aliyemwambia apungue afanane na wakimbiaji wa marathoni. Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani, je? Alikuwa na miaka 17 tu alipofika fainali ya mita 1500 mashindano ya dunia Moscow 2013, baadae akawa kwenye kambi ambayo alisema mwenyewe mwaka 2019 kwamba walimlazimisha kupungua na kupungua na kumpima mbele ya wenzake, hedhi ikakata miaka 3, mifupa 5 ikavunjika. Mwili ukinyimwa chakula huku unatumikishwa unazima vitu, unaanza na hedhi, alafu mifupa inalegea. Na wanaume nao wanaumia hivyohivyo, ndo maana Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2014 iliacha kuliita tatizo la wanawake peke yao. Kwahiyo hata kaka yako angenyimwa chakula angeumia, tofauti ni kwamba yeye hakuna anayemnyima.

Kilo 11 kwa wiki 6 utapoteza maji na misuli, utafika kwenye mashindano mwepesi na hujiwezi.

Nenda kwa kocha na kapteni wako, usimfuate peke yako, umuulize kwa adabu: kocha, uwanjani nakosea nini? Nachelewa kugeuka? Siruki vizuri? Akitaja kitu, kitu hicho kina mazoezi yake, yafanye. Asipotaja, basi shida yake sio mchezo. Na mwombe mzani usirudi pale mbele za watu. Alafu pita zahanati wakupime damu na presha, na kama hedhi imeanza kuruka mwambie daktari waziwazi.

Mama mweleze wikiendi hii, jikoni, kabla hajapakua. Mwambie: mama, na mimi ni mwanamichezo. Nahisi hajawahi kuliwaza hilo.

Mashindano yakiisha niandikie mmeshika nafasi ya ngapi na umedaka mipira mingapi. Kilo usiniambie.