Gari linachemsha? Angalia kwanza linachemsha wakati gani

Kwa miezi minne gari langu lilikuwa linachemsha, na miezi hiyo yote nilikuwa nanunua vipuri. Fundi wa kwanza alibadilisha rejeta. Likachemsha. Wa pili akafunga pampu mpya ya maji. Likachemsha tena, safari hii tukiwa mlimani na watoto wamekaa nyuma. Fundi wa tatu, mzee asiyependa maneno mengi, hakushika spana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, linachemsha wakati gani?" Nilikosa jibu.

Nikamweleza nilichokumbuka: chupa ya akiba ya maji inafurika, lakini gari likishapoa nakuta rejeta imepungua maji. Injini ilikuwa imelala baridi. Akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akabonyeza mpira wake kwa ukucha. Ukamegeka kama gome kavu la mti.

Watu wengi hudhani kifuniko kile kazi yake ni kuziba tu. Kumbe ndicho kinachoshikilia mgandamizo. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa mgandamizo wa bar 1 hivi, hufika karibu 120 kabla ya kuchemka. Mpira ukifa, maji huchemka mapema na kukimbilia kwenye chupa. Injini ikipoa, badala ya rejeta kuyavuta maji yarudi, inavuta hewa. Ndiyo maana chupa ilikuwa imejaa na rejeta ina upungufu. Rejeta yangu ya zamani ilikuwa nzima kabisa, na bado naumia nikiikumbuka.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, chunguza wakati. Likichemsha kwenye foleni na kutulia ukishika kasi, shuku feni. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, ukiwasha kiyoyozi feni huanza kuzunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na relei (swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye feni) kabla ya kulaumu mota. Likichemsha ukienda kasi au mlimani tu, huenda rejeta imeziba, ama ndani kwa kutu na chokaa, ama nje kwa matope na wadudu, au pampu haisukumi vizuri.

Likipanda joto dakika chache tu baada ya kuwaka, huku bomba la mpira la kwenda kwenye rejeta likiwa bado baridi, huenda themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, imenasa ikiwa imefunga. Itoe uitie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, upashe moto taratibu. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake, mara nyingi 82 au 88. Isipofunguka, nunua nyingine. Tafadhali usikubali fundi aitupe na kufunga bila themostati. Injini itafanya kazi ikiwa baridi mno, itakula mafuta zaidi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wenyewe utabaki umefichwa.

Kuna dalili ambazo zikionekana, gari lisiendeshwe tena hata kidogo: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe mzito usiokwisha, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Hapo mara nyingi gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya injini na kifuniko chake cha juu) imeungua au hedi yenyewe imepinda.

Ukitia maji upya, changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, kisha toa hewa: washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi na hita imefunguliwa mwisho, mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyokwama peke yake inatosha kupandisha mshale wa joto.

Mshale ukipanda ukiwa njiani, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye injini, egesha mahali salama, uzime. Usiguse kifuniko kabla injini haijapoa kabisa. Mvuke ule unachuna ngozi ya uso, nimeona kwa macho yangu. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi. Hedi inaweza kupasuka.

Baada ya kufunga kifuniko kipya, nilichora mstari kwa kalamu ya wino kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji. Wiki mbili nzima niliukagua kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Maji hayakushuka.