Kiwanja cha soko na wanaokitumia bila kununua

Jarida limeuliza wiki hii kama viwanja vya soko bado vina kazi katika maisha ya miji yetu, wakati mtu anaweza kuagiza nyanya kwa simu, akalipa kwa simu na kuletewa mlangoni. Jibu langu ni kwamba vina kazi kubwa, ila kazi hiyo haionekani tukihesabu meza za wauzaji na mapato ya ushuru peke yake. Msikiti una waumini wake, ofisi ina saa zake, mkahawa una bei yake. Kiwanja cha soko ni mahali ambapo mtu hukaa kutwa bila kuwa mgeni wa yeyote na bila kulazimika kununua chochote. Nitaeleza kwa mji ninaoujua, Lamu.

Mbele ya Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, kuna kiwanja kidogo kiitwacho Mkunguni. Ubavuni mwa ngome ndipo lilipo soko, na mbele yake hupita Usita wa Mui, njia kuu ya maduka iendayo sambamba na ufuo. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, na nyumba zake zimejengwa kuelekea ndani, kwenye nyua zake, ili kulinda sitara ya wenyewe. Kwa hiyo nafasi ya wazi ni adimu, na karibu kila safari ya mjini hupitia hapo. Tangu 1910 mpaka 1984 ngome ilikuwa gereza, na hata katika miaka hiyo watu waliendelea kukaa chini ya ukuta wake, wakicheza bao, wakinywa kahawa na kupeana habari. Leo ngome ni makumbusho, na kiwanja bado kina watu tangu asubuhi.

Nahodha anayetafuta baharia, au mwenye nyumba anayetaka fundi wa chokaa au hamali mwenye punda wa kubebea mawe, hana haja ya kutoa tangazo. Huenda Mkunguni, na asipomkuta amtakaye humkuta anayejua alipo. Hapo ndipo mji unapopata habari ya msiba, ya chombo kilichochelewa kurudi Kizingitini, ya bei ya samaki na ya mtu aliyeshindwa kulipa deni lake. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu biashara ndogo ya soko huendeshwa kwa mkopo. Mchuuzi wa mboga humwandika mama katika daftari, bila mkataba wala rehani, kwa kuwa anaijua nyumba yake na atamwona kesho akipita. Simu inaweza kuleta kitunguu, lakini haijamjengea mama huyo jina la kukopeshewa kitunguu siku ambayo mkono wake ni mtupu.

Kuna jambo zito zaidi. Mboga na matunda mengi ya soko letu hutoka Mpeketoni, bara, na huvushwa kwa boti kutoka Mokowe. Mpeketoni ni makazi ya wakulima waliotoka sehemu nyingine za Kenya na kupewa mashamba kuanzia miaka ya 1970, na baina yao na wenyeji wa visiwani pana manung'uniko ya ardhi ambayo hayajaisha. Sisemi soko limeyamaliza. Nasema kwamba mtu anayezungumzwa nyumbani kama mtu wa bara, sokoni ana jina, ana watoto wanaoulizwa hali, na ana wateja wanaomsubiri akichelewa. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yalipoua makumi ya watu, na mwezi uliofuata ikatolewa amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu kwa miezi, tuliona jinsi mji wa Lamu unavyokuwa pale kiwanja chake kinapofungwa. Wavuvi wa usiku hawakuweza kwenda baharini, samaki wakapungua, na Mkunguni ikawa tupu mapema kila jioni, wakati ule ule ambao watu walihitaji zaidi kuonana na kuulizana ukweli wa yale waliyoyasikia. Kila mmoja alibaki nyumbani na uvumi wake.

Kwa hiyo nasikitika kila ninaposikia kwamba soko la zamani katika mji fulani litavunjwa ili lijengwe la ghorofa lenye vibanda vingi zaidi. Sipingi majengo. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, ni jengo kubwa la zege, lakini mapaa yake yamefanywa mfano wa miavuli mikubwa inayopitisha hewa na mwanga huku ikikinga maji ya mvua. Amuli alitambua kwamba soko la Kiafrika huanza na kivuli. Mapaa hayo yalikuwa na thamani kwa mji kabla ya moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021 na yana thamani hiyo baada yake, na wanaochora masoko mapya wangefaa kuyatazama kabla ya kuchora safu za vibanda vilivyobanana kutoka ukuta hadi ukuta.

Hata hivyo, niliposema kwamba mtu hukaa kutwa kiwanjani, mtu huyo kwa Lamu ni mwanamume. Mimi ni mwanamke. Napita Mkunguni karibu kila siku, nasalimia, nanunua, naondoka. Viti vya chini ya miti havijakatazwa kwetu na mtu yeyote, lakini hakuna mwanamke wa mji anayevikalia, na habari za kiwanja hutufikia kupitia kwa waume na ndugu zetu zikiwa zimeshachujwa. Wapo watakaosema wanawake wana harusi na nyua zao. Ni kweli, lakini uani sikutani na mkulima wa Mpeketoni wala na mama wa Matondoni asiye jamaa yangu.

Ningependa upande wa soko la mboga, ambako wanawake tayari husimama kwa muda mrefu wakichagua na kujadiliana bei, pawekwe mabaraza ya kukalia, kivuli, bomba la maji na choo safi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na jengo jipya, na muuzaji aliyeamka alfajiri kuvuka kutoka Mokowe angepata naye pa kupumzika kabla ya boti ya kurudi.