Kwa Meku: "Kaa Chini, Mtoto"

Barua mlizoniandikia mwezi huu kuomba ushauri nimezisomea barazani hapa Rau, Moshi, vuli ikinirudisha ndani kila baada ya kurasa mbili. Mji umeanza kujaa wanaokuja Krismasi. Magari ya kutoka Dar yameshaonekana, na bei ya mbuzi Kiboriloni sitaki hata kuisema. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza itachukua nafasi kubwa, wenye barua fupi mnisamehe.

*

*Shikamoo Meku. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha wanawake 25 hapa Majengo, huu ni mwaka wangu wa sita. Nina miaka 54, nauza mchele Mbuyuni, shule niliishia darasa la saba. Jumamosi iliyopita tulivunja mzunguko, yaani tuligawana akiba ya mwaka. Fedha zote zilikuwa shilingi 14,400,000 na hisa za mwaka mzima 2,400. Nikapiga hesabu mbele ya wanachama, nikatangaza kwamba hisa iliyonunuliwa kwa 5,000 inarudi na 6,000. Vigelegele vikalia. Akasimama binti mmoja aliyejiunga mwaka jana tu, anasoma chuo, akasema, "Mama mwenyekiti, samahani, umejumlisha na jamii." Nikamjibu, "Kaa chini, mtoto." Mweka hazina akarudia hesabu, binti akawa amesema kweli: zile 720,000 za mfuko wa jamii nilikuwa nimezigawanya pia. Tangu siku hiyo silali vizuri. Januari tunachagua viongozi. Nijiuzulu sasa hivi? Na huyu binti nimfanye nini, maana wenzangu wameanza kumtazama yeye?*
*Mwenyekiti, Majengo*

Marahaba, dada yangu.

Kwanza tumalize hesabu, maana kuna wasomaji wengine ambao wiki hii wanafungua sanduku lao lenye kufuli tatu. Mfuko wenu wa jamii ulikuwa na 720,000. Fedha hiyo haigawanywi, inabaki kwa ajili ya misiba na maradhi ya mwaka unaofuata. Ukiitoa, zinabaki 13,680,000, na kila hisa inapata 5,700. Tofauti ni shilingi 300 kwa hisa, mtu anaweza kuidharau. Ila mkizidisha kwa hisa 2,400 mnapata zile 720,000 zenyewe. Mwanachama wa kwanza kufiwa Januari angekuta mfuko mtupu, na hapo wangekuja kukuuliza wewe. Kwa hiyo yule binti alikuokoa na aibu kubwa zaidi ya hiyo inayokunyima usingizi.

Kukosea kugawanya kunampata yeyote. Mimi nimeshika vitabu vya watu miaka mingi na bado natumia kalamu ya risasi. Lililonishika kwenye barua yako ni neno "mtoto". Mwanachama mwenye hisa umemgeuza mtoto kwa sababu amejua kitu ambacho wewe hukukijua dakika ile.

Nikueleze habari za mama yangu.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere alihutubia taifa kwa redio, akatangaza kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi huko Uru, akisuluhisha ugomvi wa mipaka na zamu za maji ya mfereji, na kila karatasi aliitia sahihi kwa dole gumba. Ngumbaru, yale madarasa ya kisomo cha watu wazima, ilipofika kijijini, alichelewa kwenda. Balozi akae dawati moja na watu anaowaamua? Alikwenda 1972. Walimu hawakutosha, kwa hiyo wanafunzi wa madarasa ya juu tulipelekwa kufundisha. Nilikuwa darasa la sita, nikapangiwa darasa lake.

Siku ya kwanza walicheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Yeye alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, hii yenye mkia inaitwaje?" Saa kumi jioni aliniita Mwalimu mbele ya watu wote. Saa kumi na mbili alinituma majani ya ng'ombe kama kawaida, na nikichelewa nilichapwa. Sikumbuki aone ajabu yoyote katika mambo hayo mawili kukaa siku moja.

Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Ilienda kwa wiki 12, watu wanakusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, kisha kiongozi anawasomea kijitabu wanajadili. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kundi letu liliongozwa na mama, na kusoma kwake kulikuwa kwa kuburuta. Jioni moja akakwama kwenye neno "vijidudu". Akafika "viji", akarudi, akafika tena, akakwama. Akainua uso akauliza, "Nani ananisaidia hapa?" Aliyemsaidia alikuwa jirani mmoja mbishi ambaye kwa wiki nne alikuwa amekataa katakata kuchimba choo. Alisoma neno lile kwa sauti kubwa kama padri. Jumatatu yake tukamwona na sururu. Mama hakumsema, alimpelekea maji ya kunywa shimoni.

Cheo nilikuja kukipata na mimi, tabia ile sikuipata. Vyama vya msingi viliporudishwa miaka ya 1980, baada ya kufutwa 1976, nilikuwa katibu wa chama kimoja cha kahawa, sikitaji. Kijana wetu wa mizani aliniambia msimu ukiwa katikati kwamba mizani inapunja, ikaguliwe. Nilimjibu kwa maneno yanayofanana sana na yako, dada. Msimu ulipokwisha, uzito tuliopokea kwa wakulima na uzito tuliopeleka mbele havikulingana, na waliopunjwa walikuwa wakulima. Ilinichukua wiki tatu kulitamka hilo kwenye mkutano. Kijana alikuwa ameshaondoka kwenda Mererani kutafuta tanzanite, na kati yetu tuliobaki hakuna aliyejua kuirekebisha ile mizani. Serikali ilipofungua biashara ya kahawa mwaka 1994 na wanunuzi binafsi wakaja, niliwaona waliokuwa wa kwanza kuwabebea magunia. Wengi walikuwa kwenye foleni ile ya mizani. Bei nzuri iliwavuta, sikatai. Nawajua lakini.

Sasa wewe. Usijiuzulu wiki hii, maana ukiondoka sasa utaonekana umenuna, na kikundi kitagawanyika kati yako na binti. Nenda kwake mwenyewe, usimtume mtu, umwambie ulimkosea. Halafu liseme tena kwenye kikao cha kwanza cha Januari, kabla ya uchaguzi, kwa sentensi mbili tu. Ukiongeza ya tatu utaanza kujitetea.

Kisha mwombe Jumamosi mbili akupitishe kwenye leja yote ya mwaka: hisa, mikopo, faini, jamii. Kalamu ishike wewe, yeye awe anakutazama. Na wenzako wajue kwamba unafundishwa, hapo ndipo penye kazi. Kuna akina mama kwenye kikundi chako ambao hawajawahi kuelewa leja hata siku moja na wanaona haya kuuliza. Nina hakika wapo, kila kikundi kinao. Watauliza wakikuona wewe umeuliza.

Usimpe binti ukatibu ili anyamaze. Nimeiona mbinu hiyo mara nyingi. Kama wanachama wanamtaka, wamchague mkaguzi, kazi ambayo inamlazimu kusema. Na siku ya kuvunja mwakani, hesabu ifanywe na wakaguzi jana yake, iandikwe kwenye karatasi kubwa ibandikwe ukutani, kila mtu aisome kabla hujafungua mdomo.

Kuhusu kugombea tena nitakwambia ninavyoona, ingawa huenda usipende. Miaka sita kwa kikoba ni mingi. Usigombee safari hii, na uwaeleze kwamba ni kwa sababu ya miaka, hesabu ya Jumamosi ile haihusiki. Kaa mwaka mmoja benchi la nyuma, nunua hisa zako kama wenzio. Kama bado hamjasajiliwa, kazi hiyo ichukue wewe: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi kama chenu visajiliwe, na mlango wake ni halmashauri. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na ukiwa pale mwombe aje awafundishe utunzaji wa kumbukumbu. Huu ni mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu 1933, na chuo cha ushirika kimekuwa hapa tangu 1963, siku hizi ni chuo kikuu kamili. Tukose leja vipi sisi!

*

*Meku, shikamoo. Mimi ni fundi magari Pasua, miaka 41, kumi na tisa kati ya hiyo niko gereji. Nina vijana sita chini yangu. Wawili wametoka chuo cha ufundi cha VETA, wanapima gari kwa kompyuta na wananiambia mambo ya sensa, vile vitambuzi vya injini, mimi naisikiliza kwa sikio. Sina cheti chochote. Nimechelewa?*

Marahaba. Hujachelewa, na sikio lako usilitupe. Kompyuta itakwambia sensa ina tatizo, haitakwambia kwamba waya umetafunwa na panya.

Nenda ofisi za VETA hapa Moshi uulizie utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Umewekwa kwa ajili ya watu wa aina yako, waliojifunzia kazini. Wanakupima kwenye kazi unayoifanya, wanakuonyesha palipopungua, unafundishwa hapo, ukifaulu unapata cheti. Kama sekondari hukusoma na inakuuma, kuna mtihani wa maarifa, wengi wanauita QT, unaokufungulia njia ya kufanya kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Lakini Jumatatu hii, kabla ya ofisi yoyote, watenge vijana wako wawili saa moja asubuhi kabla wateja hawajafika. Kwa saa nzima wao ndio wanafundisha, wewe na wale wanne mnauliza. Siku hiyo walipe chai na chapati mbili kila mmoja. Alhamisi ugeuze, wao wainamie injini wasikilize. Sisi tuliojifunzia udereva kwenye Land Rover 109 tunajua kuna milio ambayo haijaingia kwenye mashine yoyote.

*

*Babu, mimi ni mjukuu wako, naishi Dar. Mwaka jana nilichaguliwa katibu wa ukoo nikiwa na miaka 26, wa kwanza mwanamke. Kikao ni tarehe 27 huko Kibosho. Wazee wanaongea saa tano bila kuamua kitu. Nifanyeje niwaongoze bila kuwakosea adabu?*

Hongera, mjukuu wangu. Kuwaongoza wazee usijaribu, ongoza karatasi. Fungua kikao kwa kuusoma muhtasari wa mwaka jana taratibu, hasa yale waliyoahidi kwa majina yao: nani alisema atatengeneza mfereji, nani alisema atalipa ada ya yatima. Ukimaliza, nyamaza. Watajibizana wenyewe.

Mambo ya fedha yaamuliwe kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijaletwa. Hili mwambie shangazi anayepika, usimwambie mwenyekiti.

Na fika tarehe 26, siku moja kabla. Kaa na mzee kuliko wote pale, umwombe akutajie mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na majina ya waliozikwa humo, uandike. Mwanzoni atakuambia hakumbuki. Mpelekee mtori wa moto, kaa, subiri.