Bwawa la nyumbani: anza na chujio, pampu ije baadaye

Ukipata kazi ya kutunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba ya mtu, iwe Mbezi Beach, Kigamboni au Nyali, maji yakianza tu kuwa na ukungu utaambiwa pampu haina nguvu. Mwenye nyumba atasema hivyo, na muuza vifaa atamuunga mkono. Usikubali haraka. Chujio la mchanga hukamata uchafu pale maji yanapopita polepole. Yakisukumwa kwa kasi yanajichimbia njia ndani ya mchanga, na vumbi laini linapita nayo hadi bwawani. Nyumba nyingi zenye maji yasiyotulia zina pampu kubwa iliyofungwa kwenye chujio dogo.

Kwa hiyo ukiombwa ushauri wa kununua, pima bwawa kwanza. Lenye urefu wa mita 8, upana mita 4 na kina cha wastani mita 1.5 lina lita 48,000, yaani mita za ujazo 48. Kwa nyumbani, maji yote yapite kwenye chujio mara moja ndani ya saa 6 hadi 8. Tuchukue saa 6: unahitaji mita za ujazo 8 kwa saa. Chujio lenye kipenyo cha milimita 600 lina uso wa mchanga wa mita ya mraba 0.28 hivi, kwa hiyo maji yatashuka kwa kasi ya karibu mita 28 kwa saa, na hapo mchanga unafanya kazi bila kuhemewa. Kwenye kibandiko cha chujio unaweza kukuta limeruhusiwa hadi mita 50 kwa saa. Litayapitisha, ndiyo, lakini usafi utapungua. Pesa zikibana, punguza ukubwa wa pampu, usiguse ukubwa wa chujio.

Aina zipo tatu. Mchanga hukamata chembe za maikroni 20 hadi 40 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), katriji, yaani chujio la kitambaa kilichokunjwa, maikroni 10 hadi 20, na unga wa diatomia, ambao ni unga laini wa mabaki ya viumbe vidogo vya majini, hushuka hadi maikroni 5 au chini yake. Kwa hesabu hiyo mchanga ndio wa mwisho, lakini kwa mazingira yetu mimi bado nauchagua: majani ya mwarobaini na vumbi la kiangazi huziba katriji upesi, na katriji mpya si kila duka linayo. Ule unga nao ni hatari kwa mapafu ukiuvuta wakati wa kuumimina. Ila kama nyumba inanunua maji ya boza, fikiria katriji, kwa sababu inaoshwa kwa mpira wa bustani bila kumwaga maji ya bwawa.

Mchanga uwe wa silika, wa mifuko, chembe za milimita 0.4 hadi 0.8. Wa ufukweni usiuweke hata kama ni bure. Una vipande vya makombe, ambavyo ni chokaa, na chembe zake hazilingani.

Sasa geji, ile saa ya kupima shinikizo iliyo juu ya chujio. Ukishaosha mchanga, washa pampu, angalia mshale umesimama wapi, uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Tuseme ni baa 0.8. Ukifika 1.3, osha. Kabla ya hapo, acha. Wapo wanaoosha kila Jumamosi kwa mazoea, na hilo linawaharibia kazi, maana mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliotoka kuoshwa. Mshale ukishuka chini ya alama, usitafute tatizo kwenye mchanga: kikapu cha pampu kimejaa majani, au bomba la kuvuta linaingiza hewa.

Kuosha kwenyewe, yaani bakiwoshi, ni kuyapitisha maji kinyume ndani ya mchanga ili yatoe uchafu nje, na kuna sheria moja ya kushika: zima pampu kabla ya kugusa mpini wa vali, ile inayochagua njia ya maji. Ukiuzungusha pampu ikiwa inasukuma, gasketi ya ndani inang'oka. Weka mpini kwenye kuosha, kisha washa, tazama kile kikombe cha kioo kwenye vali kinachoonyesha maji yanayotoka. Maji yatatoka ya kahawia, yatang'aa kidogo, halafu uchafu utarudi tena. Usidanganyike na ule mng'ao wa kwanza. Dakika 2 au 3 zinatosha. Zima, weka vali kwenye kusuuza kwa nusu dakika, zima tena, ndipo urudi kwenye kuchuja. Hapo umemwaga lita 400 hivi zenye klorini, kwa hiyo zisielekee kwenye mboga za mtu.

Kuhusu umeme, pampu ya wati 1000 ikifanya kazi saa 8 inakula uniti 8 za Luku kila siku. Pampu ya kubadilisha kasi ikiendeshwa kwa nusu ya kasi hutumia takriban sehemu moja ya nane ya umeme. Hata ukiongeza saa mara mbili, umeokoa mwingi, na maji yamepita taratibu.

Chujio haliui mwani. Bwawa likigeuka kijani, weka pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.6, ua kwa klorini, kisha acha pampu usiku na mchana huku ukiosha kila geji inapopanda. Klorini ya chembechembe usiichanganye kamwe na vidonge vya klorini wala asidi, hata kwenye ndoo iliyobaki mabaki. Inalipuka au inatoa gesi inayoua.

Na ukikuta vilima vidogo vya mchanga chini ya matundu yanayorudisha maji bwawani, zima pampu: kidole kimoja, yaani kibomba chenye matundu membamba kilicho chini ya mchanga ndani ya chujio, kimevunjika. Chota mchanga wote, kagua vidole kimoja kimoja, badilisha kilichopasuka. Kabla ya kuurudisha mchanga, jaza maji hadi nusu ya tangi, umimine kidogo kidogo, la sivyo uzito wake utavunja vingine.