Amalfi kwa bajeti ndogo

SWALI: Mimi na mke wangu tunataka kwenda Amalfi, Italia, mwezi wa tano. Hoteli za kule hazishikiki. Tufanyeje? – Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, msilale Amalfi. Laleni Salerno, mji wenye stesheni ya treni na vyumba vya bei nafuu, kisha mwende Amalfi asubuhi na kurudi jioni. Basi huchukua kama saa moja na robo. Kaeni kushoto, ndiko bahari iliko. Tiketi za kwenda na kurudi nunueni pamoja, kwenye duka la tumbaku lenye bango la herufi T. Jioni mnaweza kulikuta limefungwa. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongeni mhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Hapo ndipo wageni hupigwa faini, na tiketi wameishika mkononi! Boti ni raha zaidi, ila bahari ikichafuka haiondoki, kwa hiyo msikose nauli ya basi.

Viza ni euro 90 kila mmoja, na bima ya safari iwe na fidia isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla. Kahawa nyweni mkiwa mmesimama kaunta. Mezani bei hupanda.